Kutunga Shanga Nyumbani, na Kosa Nililolifanya



Mwezi uliopita mama mmoja wa mtaa wetu alinijia, akaniomba nimfundishe kutunga shanga, apate kazi ya mikono ya kufanya jioni na fedha kidogo ya chumvi na sabuni. Nalimkubalia kwa furaha, lakini nikamwambia, "Kabla ya kushika sindano, keti kwanza nikupe habari moja." Alipokwisha kuisikia alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mama Mwalimu, habari hii si ya kutuambia sisi mmoja mmoja. Iandike, ifike nyumba zote." Basi hii ndiyo sababu ya kuandika, nayo iko sababu ya pili ambayo nitaitaja mwisho. Habari hii ni ya kazi njema, tena ni ya kosa langu mwenyewe. Nawaomba mvumilie kuyasoma yote mawili.

Mimi ni mwalimu wa zamani. Nalifundisha watoto miaka 35 katika shule za Pangani na Muheza, na sasa nimestaafu. Nalizaliwa karibu na Tongoni, nchi ya Mtang'ata, kusini ya mji wa Tanga, mahali penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Huko nalilelewa na bibi yangu, mama wa mama yangu, naye ndiye aliyenifundisha kazi hii.

Bibi alikuwa mtu wa pwani khasa. Masikio yake yalikuwa yametobolewa ndewe kubwa, kama desturi ya wanawake wa zamani. Siku za sikukuu alitia ndani yake majasi ya fedha aliyoachiwa na mama yake. Siku nyingine zote alitia karatasi. Alikuwa akiweka akiba kila karatasi ya rangi iliyoingia nyumbani, ya majani ya chai, ya sabuni, ya viberiti. Alizikata nyuzinyuzi nyembamba kama utepe, akazikunja moja juu ya moja, nyekundu, na ya kijani, na nyeupe, hata zikawa kama gurudumu dogo, na mbele yake ukaona duara ndani ya duara. Karatasi ikichakaa kwa jasho aliitupa, akakunja nyingine.

Siku moja nikamwuliza, "Bibi, mbona huvai majasi yako ya fedha kila siku?" Akanijibu, "Mjukuu wangu, fedha ni ya akiba, karatasi ni ya kupendeza." Nami sikuyafahamu maneno yale mpaka ulipokuja mwaka wa njaa. Mwaka ule majasi yalikwenda kwa sonara, yakarudi kuwa magunia mawili ya mahindi. Tukala, tukapona. Lakini masikio ya bibi yalikaa vilevile na duara zake za rangi, wala jirani hakuona ya kuwa nyumbani kwetu kumepungua kitu. Tangu siku ile nimejua ya kuwa pambo si lazima liwe la thamani. Yatosha liwe safi, na limefanywa kwa mikono iliyotulia.

Bibi alinifundisha pia kusokota uzi wa mkonge. Alichukua singa ndefu nyeupe, akaziweka juu ya paja, akazisukuma kwa kiganja, akaunganisha na nyingine, hata ukawa uzi mwembamba usiokatika. Mkonge kwetu twauona kama mti wa asili, lakini ni mgeni. Aliyeuleta ni Mjerumani mmoja, jina lake Richard Hindorf, mwaka 1893. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida katika nchi ya Marekani, ikapita njia ndefu ya bahari, na ilipofika Tanga ilikuwa hai 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na katika hiyo 62 ndiyo yalitoka mashamba yote mnayoyajua. Kila nishikapo uzi ule hukumbuka ya kuwa kitu kidogo kilichosalia chaweza kuenea nchi nzima.

Wako watu wanaodhani ya kuwa shanga zilikuja kwetu kwa wageni tu, na sisi hatukujua ila kuzivaa. Si kweli. Ng'ambo ya bahari yetu kiko kisiwa cha Pemba, na kaskazini ya kisiwa hicho uko mji wa Tumbe. Wataalamu wa mambo ya kale walipochimba pale waliona vigae vingi sana vya vyungu vilivyovunjika, navyo vimechimbika mifereji midogo midogo. Wakatambua ya kuwa vigae hivyo vilikuwa vinoo vya shanga. Watu wa Tumbe, miaka zaidi ya 1,000 iliyopita, walivunja maganda ya vitu vya baharini vipande vidogo, wakavitoboa, kisha wakavisugua katika mifereji ile mpaka vikawa duara. Hawakuwa na chombo ila kigae, wala mali ila ganda lililotupwa na bahari. Vigae vya namna hiyohiyo vilionekana pia katika miji mingine ya kale ya pwani.

Shanga za kioo zilikuja baadaye kwa wingi, kutoka Bara Hindi, na katika karne ya 19 kutoka Venice pia. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Tanga na Pangani mwaka 1857, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860 ya kuwa katika biashara ya nchi hizi zilikuwako kama aina 400 za shanga, na kila aina ina jina lake, na bei yake, na nchi inayoipenda. Nyekundu zilizoitwa samisami zilipendwa kupita zote, hata watu wakazipa majina ya mzaha, ya kuwa ni za kumaliza chakula na za kuvunja mji, kwa sababu wanawake waliziona wakasahau yote mengine. Nami niliposoma maneno hayo nalicheka. Sasa sicheki, kwa maana mimi mwenyewe nalipendezwa na wekundu nikasahau jambo kubwa, kama mtakavyoona.

Nalipostaafu, siku zikawa ndefu. Mtu aliyezoea kengele ya shule miaka 35 huamka mapema, akakosa la kufanya. Nikakumbuka kazi ya bibi. Nalianza na karatasi, na sasa nitawaeleza namna ya kuifanya, maana hiyo ndiyo iliyo rahisi kupita zote, wala haina hatari.

Twaa karatasi ya gazeti au kalenda ya mwaka uliokwisha. Ile ing'aayo yenye rangi nyingi ndiyo bora. Ikate vipande vya pembe tatu ndefu: upande wa chini sentimeta 2, na urefu sentimeta 30, mpaka ncha. Twaa njiti moja ya fagio la chelewa, uanze kukunja kutoka upande ule mpana, ukikaza sana, na ncha iwe katikati daima isiende upande. Ukikaribia ncha tia gundi. Kama huna gundi ya dukani, pika uji mzito wa unga wa muhogo, wafaa. Chomoa njiti, na ushanga umekwisha. Utakuwa mnene katikati na mwembamba pande mbili, na rangi zake zitafuatana kama mistari ya kanga. Uache ukauke siku nzima, kisha upake vanishi mara mbili, usije ukalainika kwa jasho. Mwenye mikono myepesi aweza kukunja shanga 40 kwa jioni moja.

Kazi hii si ya kudharauliwa. Mwaka 2004 walianza huko Kampala kuwakusanya wanawake maskini waliokuwa wakikunja shanga za karatasi, ili shanga zao ziuzwe katika nchi za mbali, na shirika lao likaitwa BeadforLife. Na karibu na Nairobi, tangu mwaka 1975, kiko kiwanda cha Kazuri, ambacho kilianzishwa na Bibi Susan Wood ili kuwapa kazi kina mama wanaolea watoto peke yao, nao hufinyanga shanga za udongo kwa mkono, huzipaka rangi na kuzichoma katika tanuru. Udongo na karatasi, tazama vilivyolisha nyumba.

Baada ya karatasi nikaingia katika mbegu. Pwani yetu ina mbegu nyingi za kupendeza. Ziko komwe za kijivu, zile tuchezeazo bao, ambazo mti wake wa miiba huota karibu na mchanga wa bahari. Hizo ni ngumu sana, hutaka keekee, lakini moja tu katikati ya kidani yatosha. Ziko mbegu za mlusina, nyembamba, za rangi ya kahawia. Ukizichemsha hulainika, na sindano hupita bila nguvu, kisha zikikauka huwa ngumu tena. Na kandokando ya vijito huota jani moja kama mtama mdogo, lenye punje za kijivu zinazong'aa mfano wa chozi. Watu wa Ulaya huziita Machozi ya Ayubu. Punje hizo zina tundu lao wenyewe kutoka juu mpaka chini, zimekuja duniani tayari kutungwa, hazitaki ila uzi. Kifuu cha nazi nacho ni mali: kikate kwa msumeno mwembamba, kitoboe, kisugue kwa msasa, kisha kipake mafuta ya nazi yenyewe, kitang'aa kama pembe nyeusi.

Nikauza. Kwanza hapa Muheza wakati wa machungwa, wanunuzi wanapokuja kutoka mbali, kisha nikapeleka Tanga katika soko la Mgandini. Faida haikuwa kubwa, lakini ilinunua mafuta ya taa na daftari za wajukuu, na mimi nikaona nimekuwa mtu tena.

Sasa nafika penye kosa langu.

Katika ua wa jirani yangu ulikuwako mmea unaotambaa juu ya boma, ambao watu huuita mturituri, na wengine mtipitipi. Nadhani wengi wenu mwaujua. Maganda yake yakikauka hupasuka, na ndani yake zimo punje ndogo nyekundu kama damu, kila moja ina baka jeusi upande mmoja kama jicho. Hapana ushanga wa dukani uliozidi uzuri wake. Rangi yake haififii kwa miaka mingi. Masonara wa Bara Hindi walizitumia zamani kuwa mizani ya dhahabu, kwa sababu punje zake hukaribiana sana kwa uzito, kila moja kama sehemu ya nane ya gramu. Nami nikazichuma kikapu kizima. Nikazitoboa kwa sindano iliyopashwa moto, nikatunga bangili 24, kila moja punje 34, na kwenye kifundo nikatia ushanga mmoja wa kifuu. Zikauzwa upesi kuliko kitu chochote nilichopata kufanya. Nalisifiwa, nami nikazipenda sifa.

Ile bangili ya 24 sikuiuza. Nalimpa mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu, siku ya ubatizo wake. Alikuwa na umri wa miaka miwili na miezi michache, mtoto mwenye afya, mwenye kushika kila kitu. Mama yake, mkaza mwanangu, aliitazama, akasema, "Mama, hatazitafuna?" Nami nikamjibu kwa kicheko, "Mwanangu, sisi sote tumekua na punje hizi, tulizichezea mchangani." Hayo ni kweli, tulizichezea. Lakini tulichezea punje nzima, hazikutobolewa. Hiyo ndiyo tofauti ambayo sikuijua, na mtu asiyejua hapaswi kucheka.

Baada ya juma tatu walikuja kunitembelea, wakalala kwangu. Jumamosi jioni tukamwona mtoto ameukata uzi kwa meno, na punje zimetapakaa juu ya mkeka. Tukaziokota, tukasema, "Basi, bibi atatunga tena." Hatukuzihesabu. Usiku wa manane mtoto akaanza kutapika. Tukadhani ni chakula. Alfajiri akawa anaharisha, tena mna damu, na macho yamezama.

Jirani mmoja alikuja, mtu mwema anayenipenda, akasema kwa sauti ndogo, "Hili ni jicho. Mtoto alisifiwa mno siku ya ubatizo. Hebu kwanza tumwite mzee fulani." Nami nakiri mbele yenu ya kuwa moyo wangu uliyumba, si kwa sababu naliamini, bali kwa sababu kama ni jicho la mtu mwingine, basi si mkono wangu. Ni rahisi sana kumtafuta mtu wa mbali aliyekosa. Lakini mkaza mwanangu hakungoja shauri. Alikwisha mfunga mtoto mgongoni, akaniambia neno moja tu: "Zihesabu."

Nikapiga magoti nikazihesabu. Zilikuwa 31. Nikakung'uta mkeka na godoro, nikapata moja. Mbili hazikuonekana. Nikazitia zote katika kitambaa, nikawafuata hospitali mbio, na kanga yangu ya jikoni.

Tabibu aliziangalia punje zile, akauliza maswali, akapiga simu kwa wenzake wa mahali pengine. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika. Akatuambia ya kuwa punje hizo zina sumu kali ndani yake. Ganda lake ni gumu, na punje nzima ikimezwa mara nyingi hutoka kama ilivyoingia. Lakini ikitafunwa, au ikiwa imetobolewa, sumu hupata njia ya kutoka. Hapana dawa iwezayo kuivunja sumu hiyo. Kazi ya matabibu ni kumpa mgonjwa maji ya mshipa, na kumlinda, na kungoja. Tena sumu hiyo hukawia, mtu huweza kuonekana mzima kwa saa nyingi kabla ya kuugua.

Tukangoja siku nne. Siku ya pili punje moja ilitoka nzima. Ile nyingine hatukuiona tena, bila shaka ndiyo iliyotafunwa. Siku zile nalikaa chini ya dirisha la wodi, wala sikuthubutu kuingia ila nikiitwa. Mkaza mwanangu hakunitukana, wala hakuniangalia. Siku ya tatu jioni mtoto aliomba uji. Siku ya nne alisimama juu ya kitanda akamwita baba yake. Basi tukashukuru, nami nikalia machozi niliyoyazuia tangu Jumamosi.

Nalipopata nafasi nilikwenda kwa mzee mmoja ajuaye majani na miti, aliyefanya kazi miaka mingi huko Amani, mahali ambapo Wajerumani walianzisha bustani ya miti ya kila nchi mwaka 1902. Nikamwonyesha punje. Akanieleza ya kuwa jina lake la kitaalamu ni Abrus precatorius, na neno hilo la pili lahusu sala, kwa sababu tangu zamani watu wa nchi nyingi walizitunga kuwa tasbihi na rozari. Akaniambia tena ya kuwa sikukosa peke yangu. Mwaka 2011 huko Uingereza, katika bustani kubwa iitwayo Eden Project, ziligundulika bangili za punje hizihizi zikiuzwa dukani, wakawaomba watu wazirudishe upesi. Naliposikia jina la Edeni sikuweza kunyamaza, nikasema, "Basi hata huko tunda lilikuwa la kupendeza macho." Mzee akacheka, mimi sikuweza.

Kisha nikakumbuka zile bangili 23.

Ndugu zangu, mtu akiuza kitu kibaya bila kujua, siku atakayojua huwa ndiyo siku ya kwanza ya deni lake. Naliandika katika daftari majina yote niliyoyakumbuka, nikaanza kwenda nyumba kwa nyumba. Wengine walinirudishia mara moja. Wengine walikataa, wakisema, "Nilinunua kwa fedha yangu, nami sina mtoto mdogo." Hao niliwarudishia fedha yao na kidani cha karatasi juu yake. Mama mmoja alikuwa amempa dada yake aliyeko Korogwe, nikapanda gari nikamfuata. Kazi hii ilichukua muda wa miezi miwili na fedha yote niliyoipata kwa shanga. Nikapata 22, nikazitia shimoni chooni, zisiote tena wala mtoto asiziokote jalalani. Jirani yangu naye aliung'oa mturituri wake na mizizi yake.

Mkaza mwanangu hakuja kwangu kwa muda wa miezi minne, nami sikumlaumu. Mwisho nikaenda Tanga mwenyewe, nikambishia hodi. Alinikaribisha vizuri, akaniwekea maji ya kuoga na chai, kama ipasavyo. Tulipokwisha kula nikamwambia, "Mwanangu, nimekuja kukuomba radhi. Uliniuliza neno la haki siku ile, nami nikakucheka mbele ya watu." Akanyamaza. Kisha akaniuliza, "Mama, zile nyingine umezipata?" Nikasema, "Nimepata 22." Akasema, "Na moja?" Nikamwambia, "Moja nalimwuzia msafiri dirishani pa basi, Segera. Simjui." Akainamisha kichwa, akasema, "Basi, Mama, kazi haijaisha." Hayo ndiyo maneno yake, nayo ni kweli. Lakini nilipoondoka alimtia mtoto mikononi mwangu, akanisindikiza mpaka kituoni. Siku hizi huja kama zamani, na binti yake mkubwa amejua kukunja karatasi kuliko mimi.

Sasa nawaambia wenye kutaka kuianza kazi hii, nanyi walimu mnaowafundisha watoto kazi za mikono, mambo machache.

Kwanza, msitunge mbegu yoyote msiyoijua. Turituri ziachwe kabisa, nzima au zimetobolewa. Na mbegu za mbarika vilevile, zile zenye madoadoa mazuri kama yai la ndege, zina sumu ya namna hiyo, na za mbono kaburi nazo si salama. Mbegu ikiwa ngeni, mwulizeni ajuaye kabla ya kuitoboa.

Pili, mtoto mdogo asivae shanga za namna yoyote, hata za karatasi, wala shingoni wala mkononi, mpaka amekwisha kuacha kutia vitu kinywani. Ushanga usio na sumu waweza kumpalia mtoto, na uzi waweza kumkaba usingizini.

Tatu, mkienda pwani kuokota maganda, chukueni yale matupu tu ambayo bahari imeyatupa. Msiue kilicho hai kwa ajili ya pambo. Tena bahari yetu ya Tanga imewekwa kuwa hifadhi tangu mwaka 2009, kwa ajili ya yule samaki wa kale aitwaye silikanti, na hifadhi ina sheria zake.

Nne, hesabuni. Andikeni ni shanga ngapi zimo katika kila uzi, na nani amenunua. Daftari ya mauzo hudhaniwa kuwa ni ya fedha tu. Mimi nimeona ya kuwa ni ya kuwajua watu tuliowawekea kitu mikononi.

Tano, mtoto akitapika ghafula, tazameni kwanza alichokichezea kabla ya kumtafuta mtu wa kumshitaki. Chukueni kitu hicho pamoja naye kwenda hospitali. Msimpe maziwa wala dawa za kienyeji njiani, wala msingoje aanze kuugua ikiwa mmemwona akitafuna punje hizo.

Nayo sababu yangu ya pili ya kuandika ni hii. Gazeti hili hupita mikono mingi, na mara nyingi husafiri mbali kuliko aliyeliandika. Kama wewe usomaye, au mtu wa nyumbani mwako, alinunua bangili nyekundu katika kituo cha basi cha Segera kwa mama mmoja mzee mwenye kikapu cha ukindu, itazame. Ina punje 34 zenye baka jeusi, uzi wake ni wa mkonge, na kwenye kifundo mna ushanga mmoja wa kifuu cha nazi. Mwenye kuinunua alikuwa mama, amepakata mtoto. Nakuomba uiondoe mkononi leo, uitie chooni, kisha uniandikie neno moja tu, ya kuwa imekwisha. Nami nitakupelekea kidani cha karatasi, nilichokikunja mwenyewe kama alivyonifundisha bibi yangu, cha rangi uitakayo.

Ndimi mwenzenu,
Mama Mwalimu mstaafu, Muheza.